Ghorofa bila ngazi: kwa nini mifumo endeshi huwashinda wageni na kuwaudhi wazoefu

Novemba 2021, Linus Sebastian, Mkanada mwenye chaneli kubwa ya teknolojia kwenye YouTube, alijaribu kuishi na mfumo endeshi wa Linux badala ya Windows, watazamaji wake wakimtazama. Alichagua toleo liitwalo Pop!_OS, ambalo husifiwa kwa urahisi wake. Alichotaka hakikuwa kikubwa: kusakinisha Steam, programu ya kuchezea magemu. Duka la programu la mfumo huo likamkatalia kwa ujumbe wa hitilafu ambao haukumsaidia kitu. Akafanya kile ambacho maelekezo mengi ya mtandaoni hushauri. Alifungua dirisha la amri, mahali pa kuiagiza kompyuta kwa maandishi, akaandika mstari mmoja, akabonyeza Enter. Mfumo ukamwaga orodha ndefu ya vifurushi vya programu vitakavyoondolewa, ukamwonya kwamba anataka kufanya jambo linaloweza kuleta madhara, kisha ukamtaka aandike kwa mkono wake sentensi yenye maana ya "Ndiyo, fanya kama nisemavyo!" Akaiandika. Mwisho wake, kompyuta ilibaki na skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Eneo-kazi lote, madirisha, menyu na vitufe vyake, lilikuwa limeondolewa.

Mabishano yaliyofuata yalikuwa ya kutabirika. Wazoefu wa Linux walisema ameyataka mwenyewe, kwani ameonywa na hakusoma. Wengine wakauliza ni mfumo gani wenye akili timamu unaokubali kujing'oa kwa sababu mtu anataka kucheza gemu. Kampuni ya System76, inayotengeneza Pop!_OS, ilirekebisha programu ya usakinishaji isikubali tena kirahisi hivyo kuondoa sehemu za msingi.

Ukikitazama kisa hiki kwa utulivu, unaona mfumo mmoja ukizungumza na mtu mmoja kwa sauti mbili zisizojuana. Dukani aliambiwa "haiwezekani" bila kupewa sababu. Kwenye dirisha la amri aliambiwa kila kitu kwa mkupuo, bila kudokezwa lipi katika orodha ile lilikuwa zito na lipi lilikuwa la kawaida. Ghorofa ya chini ilikuwa ya watu wa kawaida, ya juu ilikuwa ya wataalamu, na katikati hapakuwa na ngazi. Aliyetaka kupanda alilazimika kukwea ukuta.

Tatizo hili ni kongwe, na halihusu Linux peke yake. Mfumo endeshi ndio programu inayosimama kati ya vyuma vya kompyuta na kila kitu kingine: hugawa kumbukumbu, husimamia diski, huamua programu ipi ipewe prosesa na kwa muda gani, na hulinda mlango wa nani aguse nini. Windows, macOS, Linux, Android na iOS zote hufanya kazi hiyo hiyo. Zinapotofautiana sana ni katika kuamua kazi hiyo ionekane kiasi gani na nani.

Unix, mmoja wa mifumo endeshi ya zamani, ilianza 1969 katika maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, nayo iliandikwa kwa ajili ya watu wa aina yao. Walikuwa wakitumia mashine za kupiga chapa zilizochapa majibu kwenye karatasi, nyingi kwa mwendo wa herufi 10 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila herufi iliyookolewa ilikuwa na faida. Ndiyo maana amri zake ni ls (orodhesha), cp (nakili), rm (ondoa). Ukifanya jambo likafanikiwa, mfumo unanyamaza. Ukifuta faili kwa rm, imekwenda, wala hakuna pipa la taka la kwenda kuichakura. Mwaka 1973 ikaongezwa hoja ya Doug McIlroy, mwenzao wa Bell, ya kuunganisha programu ndogo ndogo, matokeo ya moja yakiwa malighafi ya nyingine. Hapo ndipo nguvu halisi ilipo. Chukua orodha ya majina iliyotawanyika katika faili elfu moja, ipange, ondoa yanayojirudia, hesabu yaliyobaki. Anayejua huandika mstari mmoja. Mwenye kipanya atashinda hapo kutwa, na jioni atakuwa hana uhakika kama amehesabu sawasawa.

Mwaka 1981 Don Norman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, aliandika makala kali katika jarida la Datamation akisema kwamba ndani Unix ni nzuri ila sura yake kwa mtumiaji inatisha. Alilalamikia majina ya amri yasiyofuata mantiki yoyote, kama cat kwa kuonyesha yaliyomo kwenye faili, na ule ukimya unaomwacha mtu bila kujua kama amri imefanya kazi au la. Wenye Unix hawakufurahi. Lakini hoja yake haikuwa kwamba watumiaji ni wazembe. Alisema mfumo wenyewe haukumfikiria mtumiaji wa kawaida.

Jibu la upande wa pili lilifika Januari 1984. Macintosh ya kwanza haikuwa na dirisha la amri hata kidogo. Kibodi yake haikuwa hata na vitufe vya mishale, maana Apple walitaka kuwalazimisha watu watumie kipanya, na mishale ikaja baadaye. Huo ulikuwa ubabe, kwa maoni yangu. Hata hivyo, ndani ya ubabe huo kulikuwa na kitu kidogo ambacho naamini ndicho ubunifu bora kuliko aikoni zote za Apple. Ukifungua menyu, pembeni ya kila amri muhimu palikuwa na alama ya kitufe cha mkato. Mgeni anafungua menyu, anabofya "Nakili", macho yake yanapita juu ya ile herufi C. Hakuna anayemfundisha. Wiki zinapita, na siku moja mkono unaenda wenyewe kwenye kibodi, yeye akiendelea na kazi yake.

Ngazi hiyo haikuulizi wewe ni nani. Haina kitufe cha "mimi ni mtaalamu", haina kozi, haina mtihani. Njia ya polepole yenyewe inakuonyesha ya haraka, na ukiisahau ya haraka, ya polepole ipo palepale.

Wengine walijaribu kujenga nyumba mbili badala yake. Microsoft walipokuwa wakiiandaa Windows 95 waliwakalisha watu wa kawaida mbele ya kompyuta na kuwatazama wakihangaika. Kent Sullivan, mmoja wa waliofanya kazi hiyo, alichapisha maelezo yake mwaka 1996. Watu walishindwa kubofya mara mbili. Dirisha likifunikwa na jingine, walidhani limepotea. Wabunifu wakawaza kutengeneza sura maalumu ya mfumo kwa wanaoanza, iliyopunguzwa mambo, kisha wakaitupa. Sababu zao zilikuwa za kiutendaji tu: karibu kila mtu angelazimika kuihama siku moja, na siku hiyo angejikuta mgeni kwa mara ya pili, huku alichojifunza kikiwa hakimsaidii. Badala yake vitufe vitatu vilivyokuwa chini ya skrini katika mchoro wa awali vikaunganishwa kuwa kimoja, Start, na ukawekwa mstari wa kuonyesha madirisha yote yaliyofunguliwa. Mgeni alipata pa kuanzia, na mzoefu hakupoteza kitu.

Cha kuchekesha ni kwamba kampuni hiyo hiyo, Machi 1995, miezi mitano kabla ya Windows 95 kutoka, iliuza kitu kiitwacho Microsoft Bob, nyumba ya katuni yenye vyumba na mbwa wa kukuongoza, iliyokusudiwa kwa wasiojua kompyuta. Iliondolewa sokoni mapema 1996. Mbwa yule alifufuka baadaye kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows XP, na watu wakatafuta namna ya kumzima.

Kosa la nyumba mbili linaanzia kwenye kudhani kuwa "mtaalamu" na "mtu wa kawaida" ni watu wawili. Mhasibu anayepanga hesabu za shirika zima kwenye Excel kwa kasi ya kukutia kizunguzungu anaweza asijue diski yake imejaa nini. Mhandisi wa programu aliyechoka, saa nane usiku, anayetaka tu kuchapisha tiketi ya ndege, ni mtu wa kawaida kabisa kwa dakika hizo na hataki kusikia habari za viendeshi vya printa. Kila mtumiaji ni mjuzi wa pembe chache na mgeni wa kwingine kote. Halafu kuna jambo ambalo watafiti John Carroll na Mary Beth Rosson walilieleza mwaka 1987: watu hawasomi mwongozo hata pale ambapo kuusoma kungewaokolea muda, kwa kuwa wanataka kumaliza kazi iliyo mbele yao. Tena wakishapata njia moja inayofanya kazi, hubaki nayo hata kama ni ndefu mara kumi. Ngazi iliyowekwa pembeni, kwenye kitabu cha msaada au kozi ya mafunzo, haipandwi. Ikiwa haipo kwenye njia ya kazi yenyewe, ni kama haipo.

Basi kwa nini tusiweke kila kitu wazi, kila swichi na kila chaguo, mwenye kutaka achague? Havoc Pennington, mmoja wa watengenezaji wa GNOME, sura maarufu ya Linux, alilijibu hilo mwaka 2002. Kila chaguo lina bei. Swichi 10 za kuwasha na kuzima huzaa hali 1,024 tofauti za mfumo, swichi 20 huzaa zaidi ya milioni, na hakuna timu inayoweza kuzijaribu zote. Mara nyingi, alisema, chaguo jipya huongezwa kwa sababu watengenezaji wameshindwa kukubaliana au kurekebisha tatizo lenyewe. GNOME wakaanza kupunguza. Desemba 2005 Linus Torvalds, muasisi wa Linux, akawaandikia kwa hasira kwamba ukiwaona watumiaji wako ni wajinga, wajinga ndio watakaobaki kuutumia mfumo wako. Mwaka 2011 GNOME 3 ilipotoka bila kitufe cha kushusha dirisha, baadhi ya watu walichukua programu ya zamani wakaiendeleza wenyewe kwa jina la MATE.

Naona Pennington alikuwa sahihi kuhusu bei ya swichi. Torvalds naye alikuwa sahihi kuhusu jambo jingine: uwezo ulioondolewa juu ya meza bila kuwekwa mahali popote panapofikika ni uwezo ulioibwa. Windows 8 ilionyesha hilo kwa ukubwa zaidi. Oktoba 2012 kitufe cha Start kiliondolewa kwenye kona yake kwa ajili ya skrini za kugusa, Oktoba 2013 kikarudishwa, na menyu yake kamili ikarudi Julai 2015 na Windows 10. Mamilioni ya watu waliokuwa wazoefu wa sehemu hiyo walifanywa wageni kwa usiku mmoja, na si kwa kosa lao.

Kuficha kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana. Tangu Windows 95, mfumo huo huficha herufi za mwisho za majina ya faili, zile zinazosema faili ni ya aina gani, ili mtu wa kawaida asisumbuke nazo. Mei 2000 ilisambaa barua pepe yenye kichwa cha "nakupenda" na kiambatisho kilichoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwenye kompyuta nyingi herufi tatu za mwisho hazikuonekana. Mtu aliona TXT, maandishi matupu yasiyo na madhara, akafungua, na programu ikaanza kuharibu picha zake na kujituma kwa kila mtu aliyekuwa kwenye orodha yake ya anwani. Mtaalamu aliyekuwa amewasha mwonekano kamili wa majina aliuona mtego. Aliyekusudiwa kulindwa na usahili ndiye aliyenaswa. Kwa hiyo kuna mambo unayoweza kuyaficha, kama namna mfumo unavyopanga vipande vya faili kwenye diski, na kuna mambo ambayo ukiyaficha unakuwa umedanganya. Hadi Windows 11 herufi hizo bado zinafichwa.

Simu za iPhone zilikwenda mbali zaidi. Zilipotoka 2007 hapakuwa na faili popote, kulikuwa na programu tu. Kwa picha na muziki ilitosha. Kwa mwanafunzi mwenye PDF tatu zinazohusiana, zilizofungwa kila moja ndani ya programu yake, ilikuwa adha. Apple walileta programu ya kuonyesha faili mwaka 2017, miaka 10 baadaye.

Mahali ambapo jambo hili limefanyika vizuri, huwa halionekani. Machi 2001 Apple walitoa Mac OS X, mfumo mpya uliojengwa juu ya msingi wa Unix waliourithi waliponunua kampuni ya NeXT. Bibi aliyetaka kuona picha za wajukuu hakuhitaji kujua hilo. Msanidi programu alifungua folda ya zana na kukuta dirisha la amri lenye ls na cp zilezile. Kinachonivutia ni kiungo kidogo kati ya sehemu hizo mbili: ukiiburuta aikoni ya faili kutoka eneo-kazi hadi ndani ya dirisha la amri, mfumo unakuandikia anwani kamili ya faili hiyo. Ghorofa mbili zinatambua kuwa zinazungumzia kitu kilekile. Hicho ndicho Sebastian alichokosa kwenye Pop!_OS: duka na dirisha la amri vilishughulikia programu ileile, lakini kimoja hakikumwambia kingine kilichokuwa kikijua.

Kisanduku cha kutafuta ni mfano mwingine, kilichoenea tangu Spotlight ya Apple mwaka 2005. Mgeni anaandika "printa" na kupelekwa anakotaka. Mzoefu anaandika herufi mbili na kubonyeza Enter, akiwa ameacha kipanya kabisa. Ni mstari wa amri uliorudi kwa mlango wa uani, safari hii ukiwa unavumilia makosa ya tahajia.

Kwenye Android, tangu toleo la 4.2 la mwaka 2012, menyu ya watengenezaji programu imefichwa, na hufunguka ukigonga namba ya toleo mara 7 ndani ya Mipangilio. Ni kamchezo ka ajabu, lakini kametimiza lake. Mtu hawezi kugonga mara 7 kwa bahati mbaya, na anayehitaji hujulishwa kwa sentensi moja. Steam Deck, kifaa cha magemu kilichotoka Februari 2022, kinaficha Linux nzima nyuma ya orodha ya magemu; eneo-kazi kamili liko kwenye menyu ya kuzimia kifaa, na sehemu za msingi za mfumo zimefungwa zisiandikwe mpaka utoe amri ya makusudi.

Kufungwa huko kunatupeleka kwenye maonyo. Windows XP ilikuwa ikiwapa mamlaka yote watu waliofunguliwa akaunti wakati wa kuisakinisha, na virusi vikafaidi. Windows Vista, Januari 2007, ikaja na dawa kali: kila programu ilipotaka kugusa mfumo, skrini ilififia na swali likatokea, uiruhusu au usiiruhusu. Mtu wa kawaida hakuwa na taarifa za kumwezesha kujibu, kwa hiyo alijifunza kitu kimoja, kubofya ndiyo. Mwaka 2008 David Cross wa Microsoft alikiri hadharani kuwa lengo lilikuwa kuwaudhi watumiaji, ili hasira yao iwasukume watengenezaji kuandika programu zisizohitaji mamlaka makubwa. Kwa kiasi fulani ilifanikiwa. Lakini ilikuwa sera iliyomtumia mtu wa kawaida kama fimbo ya kumchapia mtu mwingine, na Windows 7 mwaka 2009 ikailegeza.

"Una uhakika?" ni swali la kivivu. Linamwachia mtumiaji lawama bila kumpa maarifa. Afadhali mfumo utende, kisha ukubali kurudi nyuma. Pipa la taka limeokoa kazi za watu wengi ambao tayari walikuwa wamebofya ndiyo. Simu nyingi za Android zilizokuja baada ya toleo la 7, la mwaka 2016, huweka nakala mbili za mfumo: sasisho linaandikwa kwenye ile isiyotumika, na simu ikishindwa kuwaka nayo inarudi kwenye ya zamani yenyewe. Mtaalamu naye anafaidi, pengine kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye anayejaribu mambo.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mtu wa tatu katika hesabu hii ambaye wabunifu wa California sina hakika kama huwa wanamfikiria: fundi. Watu wengi hapa hawapandi ngazi wenyewe, wanampelekea simu fundi wa mtaani, au mtoto wa jirani aliyesoma IT, naye anaingia ghorofa ya juu kwa niaba yao. Maelekezo mengine hufika kwa WhatsApp, mstari wa kunakili na kubandika. Hapo amri ya maandishi inashinda aikoni, kwani jaribu kumweleza shangazi kwa simu abonyeze "kile kiduara chenye meno". Ila mlango anaouhitaji fundi ndio huohuo anaoutafuta tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", akiwa na subira ya kukuongoza hatua kwa hatua.

Google wamejikuta hapo hapo sasa. Agosti 2025 walitangaza kuwa simu za Android zilizoidhinishwa zitakubali tu programu za watengenezaji waliothibitisha utambulisho wao, hata zile zisizotoka kwenye duka lao, wakianza na Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand Septemba 2026. Wasanidi wa programu huria walipinga. Novemba mwaka huohuo Google wakasema wataweka njia maalumu kwa watumiaji wazoefu wanaoikubali hatari, njia iliyobuniwa ili mtu asiweze kusukumwa kuipita na tapeli aliye upande wa pili wa simu. Kugonga mara 7 hakutatosha kwa hilo, maana tapeli naye anajua kuhesabu hadi saba. Itabidi mfumo upime kitu kingine zaidi ya ujuzi: kama uamuzi unafanywa na mwenye simu, kwa wakati wake, bila mtu kumharakisha.